Kifuniko Kisichofunguka

Kila baada ya mwaka mmoja au miwili huzuka habari kwamba mashine fulani ya gemu, iliyokwisha kuachwa kutengenezwa zamani, inarudi. Mara huwa ni Dreamcast ya Sega, mara PlayStation ya mwanzo, mara Atari. Habari hiyo ikifika barazani, watu wazima wenye watoto na madeni huipokea kama inavyopokewa habari ya jahazi lililochelewa kuingia bandarini. Huambiana kwamba mashine ile ikirudi, watoto wataacha simu, watakaa tena pamoja, na mambo yatakuwa kama yalivyokuwa. Mimi nimesomesha watoto wa kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka thelathini, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo banda la gemu lilikuwa jirani ya skuli. Nadhani nina haki ya kusema neno. Neno lenyewe ni hili: kinachorudi si kile kilichoondoka, na mwenye kukingoja anangoja kuuziwa mara ya pili kitu alichokwisha kukinunua.

Sisemi hivyo kwa kuichukia gemu. Wapo wazee wenzangu ambao wakisikia kwamba mashine imekufa husema alhamdulillahi, na lau wangeweza wangezikusanya zote wakazitosa mbele ya Forodhani. Hao nawajibu kwa ufupi, kwa sababu hoja yao ni fupi. Wanasema gemu iliwatoa watoto skuli. Skuli zetu nyingi zilikuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana, na mtoto wa mkondo wa mchana alikuwa na asubuhi nzima mikononi mwake. Asubuhi hiyo angeitumia popote: ufukweni, sokoni, au chini ya mwembe wa mtu. Nilipoona sare za skuli yangu zikiingia bandani wakati wa vipindi, nilikwenda kuzungumza na mwenye banda, tukakubaliana kwamba mwenye sare haingii, awe wa mkondo gani. Alitimiza ahadi yake kwa miaka. Jambo lililotaka dakika kumi za mazungumzo halikuhitaji moto wala fatwa.

Shughuli yangu leo ni na kundi la pili, la wenye shauku. Hawa ni watu wema, wengine niliwafundisha mwenyewe, na kwa sababu hiyo sitaki wadanganywe.

Kwanza tujue nini kiliondoka. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1974, miaka ishirini kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake cha televisheni. Kioo basi tulikizoea mapema. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, bidhaa za Dubai zikamiminika Darajani: redio, mafeni, deki za video, na baadaye mashine ndogo za gemu za kuchomeka kaseti, nyingi zikiwa za kuiga zile za Kijapani. Kisha ikaja PlayStation ya pili. Ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Machi 2000, na ilipoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2013 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya mashine milioni 150. Kufikia hapo hakuna mashine ya gemu ya nyumbani iliyokuwa imeuzwa kwa wingi zaidi.

Lakini idadi hiyo haielezi mashine moja ya Unguja ilifanya kazi gani. Kule ilikotengenezwa, mashine moja ilikuwa ya nyumba moja. Kwetu mashine moja ilikuwa ya mtaa. Fikiria chumba kimoja cha Ng'ambo, televisheni mbili tatu, mabenchi, pedi zilizofungwa kwa utepe pale zilipovunjika, na mwenye banda akipokea sarafu. Malipo yalikuwa kwa mechi ya mpira. Aliyefungwa hunyanyuka, aliyeshinda hubaki, na asiye na sarafu husimama nyuma akatazama na kutoa ushauri ambao hakuombwa. Mtoto wa mchukuzi alikaa benchi moja na mtoto wa mwenye duka, na pedi haikujua nani ni nani. Diski zilizunguka mtaani kama sahani ya sadaka mwezi wa Ramadhani: hii ya fulani iko kwa fulani, naye ya kwake ameiazimisha mtaa wa pili. Mashine ikigoma kusoma diski, fundi aliifungua, akaipangusa lenzi kwa pamba na spiriti, akairudisha. Hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote Tokyo.

Hicho ndicho wanachokikumbuka wanafunzi wangu wa zamani, ingawa wenyewe hudhani wanakumbuka mashine. Wanachokikumbuka ni benchi, zamu na kuazimana. Sasa tutazame kinachorudi, tuone kama ndani yake mna benchi, zamu au kuazimana.

Mwaka 2016, mwezi wa Novemba, Nintendo iliirudisha mashine yake ya miaka ya 1980 ikiwa imepunguzwa ikawa ya kukaa kiganjani, na ndani yake gemu 30 zilizokwisha kuchaguliwa. Mwezi wa Aprili 2017, watu bado wakiitafuta madukani, kampuni ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Juni 2018 ikaitoa tena. Mashine moja basi ilikufa, ikafufuliwa, ikauawa na ikafufuliwa tena, yote kwa ratiba ya biashara. Desemba 2018 ikafuata Sony na PlayStation yake ya mwanzo, nayo imepunguzwa, ndani mna gemu 20, bei yake Marekani dola 100 kasoro senti moja. Haukupita mwezi, huko huko Marekani ilikuwa ikiuzwa dola 60. Aliyewahi kununua siku ya kwanza alilipa dola arubaini za haraka yake.

Katika mashine hiyo ya Sony kuna jambo dogo ambalo nataka msomaji alitie akilini. Juu yake pamechorwa kile kifuniko cha duara cha mashine ya asili, mahali pa kuwekea diski. Kipo, kinaonekana, kina mistari yake. Lakini hakifunguki. Ni sura ya kifuniko tu. Ulichonunua ndicho hicho; huwezi kutia diski yako ya zamani, huwezi kumwazima mwenzako yake, huwezi kuongeza wala kubadilisha. Sijapata kuona mfano bora wa jambo ninalolisema. Wamerudisha umbo la mlango, wakauziba mlango.

Ataniambia mtu kwamba haikuwezekana vyenginevyo, kwamba televisheni zimebadilika, waya zimebadilika, na kaseti na diski za zamani haziwezi kusomwa na vitu vya leo. Si kweli, na ushahidi umetoka kwa kampuni yenyewe. Mwezi wa Novemba 2023 Atari ilitoa mashine iliyofanana na ile yake ya mwaka 1977, yenye kuunganishwa na televisheni za sasa, na iliacha tundu la kaseti wazi. Kaseti iliyokuwa imelala kabatini tangu enzi hizo hupanguswa vumbi, ikachomekwa, ikacheza. Nawapa haki yao. Walifanya jambo la kiungwana. Lakini kwa kufanya hivyo wamewavua nguo wenzao. Kama Atari iliweza kuacha tundu wazi kwa kaseti yenye umri wa miaka arubaini, basi kifuniko kisichofunguka si ajali ya ufundi. Ni uamuzi. Kuna mtu alikaa mezani akaamua kwamba mnunuzi asiwe na uwezo huo.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Mashine za zamani zilipokufa, hazikufa kwa ubovu. Ichukue hiyo Dreamcast inayotajwa kila mara. Ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Novemba 1998, ikiwa na modemu ndani yake ya kuunganisha na intaneti kwa waya wa simu. Mwisho wa Machi 2001 Sega iliacha kuitengeneza, na ikaacha kabisa kutengeneza mashine za gemu za nyumbani. Kilichoiua ni hasara katika vitabu vya hesabu na ushindani wa PlayStation ya pili. Lakini zile zilizokwisha kuuzwa hakuna aliyezigusa. Aliyekuwa nayo nyumbani aliamka asubuhi ya pili, akaiwasha, ikawaka. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kuacha kuuza. Haikuwa na uwezo wa kuingia chumbani kwa mtu na kumnyang'anya. Na mpaka leo wapo wapenzi wake, katika nchi mbalimbali, wanaoitungia gemu mpya kwa mikono yao, robo karne baada ya mwenye mali kuifanyia matanga.

Leo uwezo huo wa kunyang'anya upo. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew. Ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima mitambo yake, na gemu ikafa mikononi mwa kila aliyeinunua, hata mwenye diski halali ndani ya jalada lake. Diski ikawa kipande cha plastiki. Watu wa Ulaya walikasirika wakaanza kukusanya saini za kuitaka Jumuiya ya Ulaya itunge sheria, na kufikia Julai 2025 zilikuwa zimepita milioni moja. Sisi huku tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawa walilipa bei ya kununua wakapewa nguo ya kuazima, na mwenyewe alipoihitaji aliwavua njiani.

Na mashine zenyewe zinaelekea huko. PlayStation iliyotoka Novemba 2024, kwa bei ya dola 700 Marekani, haina mahali pa kutia diski. Anayetaka hununua kifaa chake mbali. Gemu hushushwa kwa intaneti, na moja tu huweza kufikia gigabaiti 100. Na afanye hesabu mzazi wa Jang'ombe au wa Makunduchi anayenunua kifurushi cha simu kwa siku au kwa wiki. Kisha ajiulize: gemu hiyo ikishashuka, mwanawe ataweza kumwazima jirani? Hataweza. Ataiuza akiichoka ili anunue nyengine? Hataweza. Ataiacha kwa mdogo wake? Kwa ridhaa ya kampuni, na kwa muda ipendao kampuni.

Najua nitakayojibiwa, na sitaki kulikimbia. Nitaambiwa: Mwalimu, diski zile unazozisifu, zilizozunguka mtaani kwenu kama sahani za Ramadhani, nyingi zilikuwa za kunakiliwa. Ni kweli. Diski halali zilikuwa adimu, na nakala ziliuzwa hadharani. Siuhalalishi wizi, nilifundisha watoto kwa miaka mingi kwamba jasho la mtu ni mali yake, na mwenye kutunga gemu ana jasho kama mwenye kutunga kitabu. Lakini haki ina pande mbili. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu ilichapisha uchunguzi ulioonesha kwamba katika kila gemu 100 za zamani zilizotolewa nchini humo, 87 hazipatikani tena kwa njia ya biashara. Mtu mwaminifu, mwenye fedha mkononi, akitaka kulipa, hana wa kumlipa. Na maktaba zilipoomba ziruhusiwe kuwasomea mbali watafiti gemu hizo, kama zinavyofanya kwa vitabu na filamu, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa mwezi wa Oktoba 2024. Basi mwenye mali haiuzi, haikopeshi, haitoi ihifadhiwe, na bado anataka aogopwe. Kisha siku moja anaitoa ishirini kati ya maelfu, ndani ya kisanduku kisichofunguka, na sisi tupige vigelegele kwamba imerudi.

Nitatoa mfano wa mchezo ambao haukuwahi kuhitaji kurudi, kwa sababu haukuwahi kuondoka. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Anayeujua mchezo huo anajua kwamba hesabu zake humshinda mtu mwenye digrii. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikuja kuwasoma mabingwa wetu wa Zanzibar na mwaka 1995 akaandika kitabu kizima juu ya akili zao. Seremala wa mtaa hulichonga, kete ni komwe za kuokota, na ikipotea moja huokotwa nyengine. Mwezi wa Mei 2008 waya wa umeme unaotoka Bara ulipopata hitilafu na Unguja ikakaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, mabanda ya gemu yalinyamaza isipokuwa yenye majenereta. Bao halikunyamaza. Sisemi watoto waache gemu wacheze bao. Hotuba hiyo nimeisikia mara nyingi na haijawahi kumtoa mtoto hata mmoja bandani. Nasema bao limeishi kwa sababu wanaolicheza ndio wenye mbao, kete na kanuni. Hakuna ofisi inayoweza kutangaza kwamba kuanzia mwezi ujao bao halichezwi.

Kipimo hicho hicho nakitumia kwa mashine. Sikiulizi kitu kama ni cha zamani au kipya, cha kwetu au cha kigeni. Nakiuliza maswali matatu: Naweza kukiazimisha? Fundi wa mtaani anaweza kukifungua akakitengeneza? Aliyekiuza akifilisika kesho, kitawaka? PlayStation ya pili, iliyokufa mwaka 2013, hujibu ndiyo mara tatu. Ile ndogo ya mwaka 2018, iliyofufuliwa kwa ngoma na tarumbeta, itawaka, lakini gemu zake haziazimishiki, na kifuniko chake hata fundi hana cha kukifungulia. Ile ya dola 700 iliyo hai hujibu la mara nyingi zaidi. Kwa hisabu hiyo nani maiti na nani mzima?

Kwa hivyo nawaambia wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni baba za watu: msingoje tangazo. Mashine zenu haziko makao makuu ya kampuni. Ziko makabatini mwa mama zenu, zimefungwa ndani ya mifuko ya plastiki, zingine zinataka lenzi tu na zingine pedi. Mafundi waliokuwa wakizitengeneza wamezeeka lakini hawajafa wote. Kusanyeni nne au tano, zipelekeni kwenye chumba cha skuli Jumamosi mchana, mwombeni fundi mmoja akae na vijana awaoneshe jinsi ya kulehemu waya na kusafisha lenzi. Vituo vyetu vya mafunzo ya amali vinafundisha umeme na elektroniki; mashine inayopendwa na kijana ni kitabu kizuri cha kufundishia kuliko ubao mweusi, maana ataisoma bila ya kusukumwa. Na yule atakayetaka kujua gemu hutungwaje, mfundisheni hilo pia. Ikiwa watu wa nchi nyengine wanaweza kuitungia gemu mpya mashine iliyozikwa mwaka 2001, sioni kwa nini kijana wa Mwembeladu asitunge moja yenye mitaa yetu na lugha yetu.

Wekeni na ile kanuni ya banda: aliyefungwa anyanyuke, aliyeshinda abaki. Hiyo ndiyo iliyowafundisha kupokezana, na haikuwa ndani ya diski yoyote. Mliiweka wenyewe mkiwa watoto wa miaka kumi, na hakuna kampuni inayoweza kuiuza wala kuizima. Wenye mtaa wasipoirudisha wao, hakuna mwengine atakayeirudisha.

Ama yule anayetaka kununua kile kisanduku kwa ajili ya kumbukumbu, na anunue. Fedha ni zake. Ila akifika nacho nyumbani, kabla ya kumwita mwanawe, ajaribu kwanza kukifungua kifuniko.